Mzee Anaposikia Sauti Lakini Hashiki Maneno

Jambo hili linajulikana katika nyumba nyingi. Babu anaomba televisheni iongezwe sauti. Inaongezwa mpaka jirani anaisikia, naye bado anauliza: "Wamesema nini?" Vijana wanachoka. Wengine husema mzee anajifanya, maana akiitwa kula anasikia. Hajifanyi.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojikunja kama nyumba ya konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana, ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kupeleka habari kwenye ubongo. Kadiri umri unavyosogea chembe hizo hufa polepole, na zikifa hazioti tena. Kelele za miaka mingi, kama za mashine ya kusaga, huziharibu mapema zaidi. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba.

Katika maneno yetu, a, e, i, o na u zina nguvu. Lakini s, t, f, k na ch ni nyembamba na hafifu. Kwa hiyo mzee husikia kwamba mtu anasema, ila hajui amesema nini. "Sita" na "tisa" kwake hufanana. Hili si dogo anapoelezwa saa ya kunywa dawa.

Kuongeza sauti tu hakutoshi. Muziki na makelele huongezeka pia, hata yakamuumiza masikio.

Tufanye nini?

1. Mpelekeni achunguzwe masikio. Huenda ni nta imeziba, nayo huondolewa. Msimchokonoe kwa njiti ya kiberiti wala kijiti cha pamba. Nta husukumwa ndani na kiwambo cha sikio chaweza kutoboka.

2. Mtajieni mganga dawa zote anazotumia. Kwinini, aspirini nyingi na sindano za gentamaisini zaweza kudhuru usikivu. Lakini asiache dawa kabla ya kumwuliza daktari.

3. Sogezeni kiti chake karibu na televisheni, na redio izimwe. Punguzeni besi. Televisheni bapa za siku hizi zina spika ndogo, mara nyingi nyuma au chini. Spika ya nje ikiwekwa mbele yake humsaidia.

4. Mkiongea naye, kaeni mbele yake penye mwanga aone midomo. Semeni polepole, bila kupiga kelele. Mkitaja saa au namba, mwombeni airudie.

5. Nta ikiondolewa na shida ikabaki, aonwe na mtaalamu wa masikio. Kifaa cha kusaidia kusikia chaweza kumfaa, ila avumilie majuma kadhaa ya kukizoea.

Sikio likiacha kusikia ghafla, au likitoa usaha, au akipata kizunguzungu kikali, afike hospitali siku hiyohiyo. Uziwi wa ghafla hutibika vizuri zaidi siku za mwanzo.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu mkubwa wa kusikia. Basi si mzee wenu peke yake. Asiyesikia huanza kwa kuacha kuuliza, kisha huacha kukaa na wenzake, mwisho watu husema akili imepungua. Kabla ya kusema hivyo, apimwe masikio.