Haki ya Mgeni Katika Siku Zake za Kwanza

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu Waislamu, nyumba nyingi za kupanga hapa Kiwalani hupokea wageni kutoka mikoani. Siku za kwanza za mgeni ndizo za hatari: hajui bei, wala hajui nani dalali wa kweli na nani tapeli. Na mara nyingi swali la kwanza analoulizwa ni kabila lake. Je, wazee wetu wa pwani walimpokeaje mtu wasiyemjua?

Mwaka 1331 Ibn Battuta, mwanachuoni mzaliwa wa Tanja, Morocco, alifika Mogadishu kwa njia ya bahari. Anasimulia kuwa mila ya mji ule ilikuwa vijana kuwafuata wasafiri kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara sahani ile na kumtangaza kuwa mgeni wake. Tangu hapo mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Aliyempunja mgeni bei, au aliyemuuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara yake ilihesabiwa batili.

Yeye, kwa kuwa ni faqihi, alipokewa na kadhi. Alikirimiwa tambuu na popoo, akalishwa wali wa samli na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Siku tatu zilipita hivyo. Siku ya nne, Ijumaa, akaletewa mavazi, akaenda msikitini pamoja na wenyeji wake.

Alipofika Kilwa aliwakuta watu wengi wana chale usoni. Yeye alikuwa wa madhehebu ya Maliki, wao wa Shafii. Hata hivyo, hakuwapima kwa chale zao, bali aliwasifu kwa dini na wema. Huo ndio mwongozo wa Suratul Hujurat, aya ya 13: makabila ni ya kujuana, na ubora ni wa uchamungu.

Mtume (SAW) amefundisha kuwa ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na baada ya hapo ni sadaka. Wala si halali mgeni kukaa hadi amtie mwenyeji wake dhiki. Wahenga wetu nao walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao walipunguza siku moja tu!

Basi, anapohamia jirani mpya, mpelekee sahani. Mwonyeshe msikiti, mpeleke kwa mjumbe, fuatana naye anapokwenda kulipa kodi ili asidhulumiwe. Wakataze watoto kuicheka lafudhi yake. Naye mgeni aheshimu mila za wenyeji zisizopingana na sheria, kisha atafute jembe lake mapema.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenyeji wema na wageni wema. Wabillahi tawfiq.