Miwani ya kufichua saratani

MWANAMKE aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti huzinduka akiwa na swali moja tu: Je, imetoka yote?

Mara nyingi hata daktari hawezi kumjibu papo hapo. Nyama iliyoshikwa na saratani na ile iliyo nzima huweza kufanana mno. Daktari hutegemea macho, vidole na picha zilizopigwa mapema. Nyama iliyokatwa hupelekwa maabara na majibu hutoka baada ya siku kadhaa, kidonda kikiwa kimeshashonwa.

Iwapo kingo za nyama hiyo zitapatikana na saratani, mama hurudishwa kwa upasuaji mwingine. Mwaka 2014 ilikadiriwa kwamba nchini Marekani, kati ya wanawake 100 walioondolewa uvimbe kwenye titi, 20 hadi 25 walihitaji kupasuliwa tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na chembe chache zikibaki, ugonjwa waweza kurejea.

Tatizo hili ndilo lililomshughulisha Dkt Samuel Achilefu, mzaliwa wa Nigeria. Kwa udhamini wa serikali ya Ufaransa, alisomea kemia katika Chuo Kikuu cha Nancy hadi akapata shahada ya uzamifu. Alifanya utafiti Oxford, Uingereza, kisha akaenda St. Louis, Marekani. Huko, katika Chuo Kikuu cha Washington, yeye na wenzake waliunda miwani ya kumwonyesha daktari saratani iliyojificha.

Mwangaza usioonekana

Mgonjwa hudungwa sindano ya rangi iitwayo indosianini ya kijani, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1959. Ikimulikwa kwa miale ya infraredi, rangi hiyo hung'aa, lakini kwa mwangaza ambao jicho la binadamu haliuoni. Miale hiyo hupenya nyama vizuri kwa kuwa damu na maji haviifyonzi sana.

Kamera iliyo kwenye miwani huunasa mwangaza huo na kompyuta huugeuza kuwa buluu. Daktari huiona buluu hiyo pale pale anapokata, bila kuinua macho kutazama televisheni ya ukutani.

Miwani hiyo ilitumiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mnamo Februari 10, 2014. Aliyeivaa ni Dkt Julie Margenthaler, akimpasua mgonjwa wa saratani ya matiti.

Ila kuna kasoro. Rangi hiyo haichagui saratani peke yake, hivyo si kila king'aacho ni ugonjwa. Kwa sababu hiyo kundi la Achilefu lilitengeneza nyingine, LS301, inayokusudiwa kushika chembe za saratani. Baadaye Achilefu alihamia Dallas, Texas, kuongoza idara ya uhandisi wa tiba katika chuo cha UT Southwestern.

Msomaji, miwani haichukui nafasi ya kuwahi hospitali. Uvimbe uliogunduliwa mapema ni rahisi zaidi kuuondoa wote. Ukihisi kidonge kigeni kwenye titi, usingoje kiume. Mwone daktari.