Kabla ya kununua boti kuukuu, ngoja maji yakupwe

"Bosi, hii ilikuwa ya mzungu. Haijawahi kubeba hata ndoo moja ya dagaa."

Ukizunguka Kunduchi, Msasani au Bagamoyo kutafuta boti ya faiba iliyokwisha kutumika, maneno hayo utayasikia kabla hujaonyeshwa chombo chenyewe. Dalali anataka uamini kwamba boti iliyokaa bila kazi ni boti iliyotunzwa. Sivyo. Boti iliyoachwa miaka mitatu chini ya mwembe hujaa maji ya mvua ngamani, petroli iliyobaki kwenye kabureta huganda ikawa gundi, mpira wa pampu ya maji hukakamaa, na panya hula nyaya. Boti ya mvuvi inayotoka kila alfajiri huenda imepauka na kukwaruzika, lakini ufukwe mzima unaiona ikienda na kurudi. Binafsi naiamini zaidi hiyo.

Wanunuzi wengi huanzia kwenye mashine. Wakishaona maandishi ya Yamaha na namba 40 ubavuni, moyo umeshatulia, na bodi wanaichukulia kama kitu cha kuwekea mashine. Kumbe mashine hufungwa kwa bolti, na ikifa watu wawili wanaishusha na kupandisha nyingine. Bodi ikiharibika huna pa kwenda kununua nusu yake. Kwa hiyo mashine isubiri.

Bodi hukaguliwa ikiwa kavu, na pwani yetu imejaliwa njia rahisi ya kuikausha. Nenda siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo maji hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4. Yakikupwa, boti inalala mchangani nawe unaweza kuuona mkuku kuanzia omo hadi tezi. Muuzaji akikazania uje maji yakiwa yamejaa, eti ndipo boti inapopendeza, mkubalie kwa adabu kisha uje siku yako.

Chukua sarafu au mpini wa bisibisi, ugonge faiba taratibu, shibiri kwa shibiri. Faiba iliyoshikamana hutoa mlio mkavu, wa juu. Ukifika mahali mlio umekuwa mzito, tabaka zimeachana au kuna maji ndani. Tia alama ya chaki uendelee. Angalia pia malengelenge chini ya mstari wa maji. Ukitoboa moja, kwa ruhusa ya mwenyewe, na ukatoka umajimaji wenye harufu ya siki, ujue maji yameshapenya na kuanza kula faiba. Malengelenge machache hayaui boti. Dawa yake ni kusaga sehemu hiyo, kuiacha ikauke sawasawa, kisha kuijenga upya. Tatizo ni huko kukauka, maana huchukua wiki nyingi, na mafundi wetu hawapendi kungoja. Rangi mpya inayong'aa juu ya boti ya miaka 20 nayo itazame kwa pembeni jua likiwa limelala. Viraka vyote vitajitokeza.

Sasa njoo nyuma, kwenye ubao unaobeba mashine. Hapa ndipo uamuzi unapofanyika, kwa hiyo usiwe na haraka. Kwa nje unaona faiba tupu, lakini ndani ya boti nyingi za zamani kuna mbao za plaiwudi zilizofunikwa. Mashine ya nguvu 40 ina uzito wa kilo 70 hivi, na boti ikienda kwa kasi ubao huo hausukumwi tu, hupindwa pia kila wimbi linapopiga. Maji huingilia kwenye matundu ya bolti, na kwenye matundu yaliyotobolewa ovyo ili kufunga ngazi au kifaa cha kutafutia samaki. Yakishaingia hayatoki. Mbao zinaoza kimya kimya huku faiba ya nje ikiendelea kung'aa.

Kuupima ni rahisi. Inua mashine kama unavyofanya ukifika kina kifupi. Mwambie mwenzako ashike mguu wake, karibu na propela, aubonyeze chini na kuuinua kwa nguvu, wakati wewe umechutama ndani ukitazama pembe ambapo ubao unakutana na mbavu na sakafu. Ubao mzima hautikisiki. Ukiona ufa unafunguka na kufunga, au maji ya kahawia yanachuruzika kwenye bolti, umeshapata jibu. Muuzaji atasema ni kazi ndogo, fundi anapaka faiba kidogo kwa nje. Kupaka kwa nje ni kuufunika uozo. Kazi yenyewe ni kukata faiba, kung'oa mbao zote, kupachika mpya na kufunika tena, na gharama yake ikijumlishwa na bei ya boti huenda ikakusogeza kwenye bei ya bodi mpya.

Sakafu nayo ikanyage kwa kisigino. Ikibonyea, mataruma ya chini yana walakini. Boti nyingine zimejazwa povu chini ya sakafu ili zisizame, na povu hilo likishanywa maji ni shida kulikausha. Utaitambua boti ya namna hiyo kwa mstari wa mwani ubavuni: umepanda juu kuliko ulivyopaswa, kwa sababu boti inabeba maji yasiyoonekana.

Ukiridhika na hayo, geukia mashine. Iguse kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameshaihangaikia kabla hujafika ili mbele yako ikubali mara moja. Njoo na petroli yako uliyochanganya mwenyewe. Mashine nyingi za toleo la zamani hutumia lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli. Moshi wa mwanzo usikutishe, mashine za namna hiyo ndivyo zilivyo. Tazama uzi wa maji ya kupoza unaoruka pembeni. Ukiwa dhaifu au ukikatika, huenda pampu imechoka, au njia za maji zimezibwa na chumvi, na hilo la pili ndilo baya zaidi. Zima, toa plagi, upime mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Tofauti kati ya silinda na silinda ikizidi asilimia 10 hivi, mfungulie mjadala wa bei. Legeza skurubu ya chini ya gia boksi uangalie oili: ikitoka kama chai ya maziwa, maji ya bahari yameingia. Kava lenye namba 40 halithibitishi chochote, kwani hufunguliwa kwa mkono mmoja. Angalia kibati cha namba kwenye mabano ya kufungia. Kikiwa kimeng'olewa au kukwanguliwa, ondoka, maana mashine za boti huibwa na huwezi kujua hiyo imetoka wapi.

Mkienda kujaribu baharini, pakia uzito utakaoubeba kazini. Boti inayokimbia ikiwa na watu wawili inaweza kukataa kunyanyuka ikiwa na kumi na barafu. Toka nje ya mwamba kidogo ukutane na mawimbi, kisha ukirudi fungua ngama uone maji yaliyoingia. Chombo kina maji yake. MV Skagit, iliyozama Julai 18, 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, ilikuwa imeundwa kuvusha abiria kwenye maji ya ndani ya Puget Sound, jimbo la Washington, Marekani. Kusi ya Julai ni bahari nyingine kabisa.

Zimebaki karatasi. Taarifa za usajili zihakiki kwa TASAC ikiwa uko Tanzania Bara, kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini ukiwa Zanzibar, na leseni ya uvuvi iulize halmashauri. Linganisha namba ya cheti na ile iliyoandikwa omoni. Uliza pia kama boti ni ya mtu mmoja au ya kikundi, kwa sababu zipo boti za faiba zilizotolewa kwa mkopo kwa vikundi vya wavuvi, na mwanakikundi mmoja hana mamlaka ya kukuuzia. Mkikubaliana bei, fedha yote isitoke mkononi siku hiyo. Bakiza sehemu mpaka jina lako lionekane kwenye cheti. Muuzaji akilikataa sharti hilo, mwachie boti yake.