Kwa Nini Niliacha Chuma Nikanunua Boxer

Mwaka jana, baada ya kutengeneza laptop za watu hosteli kwa miaka miwili, nilikuwa na milioni tatu mkononi. Jamaa mmoja wa Sinza alikuwa anauza Honda CBR600RR ya mwaka 2007, nyekundu, inang'aa kama imetoka kwenye boksi jana. Masharti yake yalikuwa laini: leta hizo tatu, chukua chuma, zilizobaki utalipa mdogo mdogo. Siku tatu sikulala vizuri. Nilishajiona nakata kona pale Nkrumah, watu wote shingo zimegeuka.

Leo naendesha Bajaj Boxer 150. Ndiyo, ile ile ya bodaboda. Washkaji wananiuliza kila siku ilikuwaje, kwa hiyo nimeona niiweke hesabu yangu hapa. Huenda ikamsaidia mwenzangu ambaye hajatoa hela.

Tuanze na tofauti yenyewe. Pikipiki ya sport imevishwa kava la plastiki mbele na ubavuni, usukani uko chini, miguu inakaa nyuma, na wewe unalalia tangi. Pikipiki wazi haina kava: injini unaiona, usukani uko juu, unakaa wima kama mtu aliyekaribishwa chai. Wazungu wanaiita pikipiki uchi. Nilipomwambia mama hivyo, aliniomba nisirudie mbele ya wageni.

Kava lile si urembo. Kazi yake ni kukata upepo, na upepo una tabia moja: ukiongeza kasi mara mbili, unakusukuma mara nne. Ukiwa kwenye 150 bila kava, kifua na shingo vitakueleza. Lakini mimi natoka Goba, nashuka Makongo, natokea Ardhi, naingia Mlimani. Maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na mara nyingi foleni hata hiyo 50 haikupi. Hapo upepo ni wa kukaushia jasho tu. Kava ningekuwa nalibeba bure, na siku pikipiki ikidondoka nimesimama kwenye mchanga, ningelilipia.

Sasa injini, maana hapa ndipo wengi tunapodanganyika. CBR ile ina cc 599, silinda nne, na farasi zaidi ya 100. Lakini farasi hao hawapo wote muda wote. Wanakamilika injini ikizunguka zaidi ya mara 13,000 kwa dakika. Boxer ina cc 145 hivi, silinda moja, farasi 12, na nguvu yake ya kuvuta inafika kileleni kwenye mizunguko 5,000 hivi. Sibishi kwamba hata ikiwa chini, CBR ina nguvu kuliko Boxer. Swali langu lilikuwa jingine: nguvu hiyo nitaitumia wapi? Gia ya kwanza ya CBR, ikivutwa mpaka mwisho, inavuka kilomita 100 kwa saa. Ya kwanza tu! Ningekuwa nimeshavunja sheria mara mbili kabla sijagusa gia ya pili. Gia tano zilizobaki zingekuwa za kusimulia.

Na kasi ina bei yake kwenye breki. Chukua lami kavu na breki zinazoshika vizuri. Ukiwa kwenye 50 utahitaji kama mita 14 kusimama. Ukiwa kwenye 100 utahitaji 56. Kasi imeongezeka mara mbili, umbali mara nne. Ongeza sekunde moja ya kushtuka kabla hujakamata breki: mita 14 nyingine kwa 50, na 28 kwa 100. Jumla ni 28 dhidi ya 84. Mtoto anayekimbiza mpira Makongo hawezi kukupa mita 84.

Hesabu hiyo niliijua, na bado niliitaka CBR. Niseme ukweli. Kilichonitoa ni mambo mawili.

La kwanza ni fundi wa mtaani kwetu, mtu mzima ambaye tangu nikiwa mdogo namwamkia shikamoo. Nilimwonyesha picha. Akaitazama sana, akasema, "Nzuri, mwanangu. Cheni yake utanunua wapi?" Sikuwa na jibu. Boxer, plagi, pedi, cheni, kebo ya klachi, vyote vipo kwenye duka la spea la jirani, na fundi anayeijua yupo kila kona. Mafuta nayo: Boxer lita moja inanivusha kilomita 40. Ile nyingine ningeshukuru ikinifikisha 20.

La pili ni mama. Jumamosi alfajiri huwa anakwenda soko la Mabibo kufuata mzigo wa genge lake. Kiti cha nyuma cha CBR ni kidogo kama mto wa mtoto, tena kimeinuka. Mama yangu hawezi kupanda pale, achilia mbali na kiroba cha vitunguu. Halafu lile deni: nilipopiga vizuri, pesa ya laptop ya miezi minane ingekwenda Sinza, na ada ya muhula ningemwomba yeye yeye. Yaani mama auze vitunguu ili mimi nionekane Nkrumah. Hapo nikampigia yule jamaa, nikamwambia atafute mteja mwingine.

Boxer ina mapungufu yake, sitaificha. Breki za ngoma zinataka ukamate mapema. Barabara ya Morogoro lori likikupita unayumba, kwa hiyo safari ndefu napanda basi. Na heshima hakuna: pale geti kila wiki kuna mtu ananiita, "Boda, Mwenge shingapi?"

Kama na wewe unatafuta pikipiki, usianze na swali la inakimbia kiasi gani. Andika safari zako za wiki moja: kasi gani, barabara gani, unabeba nani. Kisha nunua inayofaa hizo safari. Usisahau kutenga hela ya leseni ya daraja A, bima, na helmeti mbili nzuri, yako na ya abiria wako.

Ya abiria wangu ni ya bluu. Aliichagua mwenyewe, na Jumamosi saa kumi na moja alfajiri huwa ameshaivaa kabla sijawasha.