Bei ya kahawa isemwe kabla ya kumimina

KATIKA soko la Kwa Sadala, wilayani Hai, hakuna mtu anayelipia mkungu wa ndizi kabla ya kuuliza bei. Mnunuzi huugeuza mkungu, huhesabu chane, hutaja bei yake na muuzaji hutaja ya kwake hadi wakubaliane. Fedha hutoka mfukoni wakati pande zote mbili zinajua kinachouzwa na kwa kiasi gani.

Mnunuzi huyo huyo akimaliza shughuli zake na kuingia mgahawani kunywa kahawa, mambo yanaweza kuwa tofauti. Ataona bei ya kikombe imeandikwa ukutani na kuagiza. Akiulizwa kama aongezewe maziwa, atakubali. Akiulizwa kama atapenda asali badala ya sukari, atakubali tena akidhani ni ukarimu wa mwenye nyumba.

Wakati wa kulipa ndipo huambiwa kwamba maziwa yana bei yake na asali ina bei yake. Kama alifungiwa kikombe cha kwenda nacho kwenye gari, chombo nacho kina bei yake. Kikombe alichodhani ni cha Sh1,000 kimefika Sh2,000.

Atalipa, kwa sababu kahawa iko tumboni tayari na ni aibu kugombana hadharani kwa Sh1,000. Lakini swali linabaki. Je, mwenye mgahawa alipaswa kutaja gharama hizo mapema, au ni kazi ya mteja kuuliza?

Nyongeza ina gharama ya kweli

Ili kutenda haki, ni vema kuanza na hesabu za mwenye mgahawa. Mkulima wa Machame au Masama anajua kwamba huhitaji takriban kilo sita za matunda mabivu ya kahawa kupata kilo moja ya kahawa safi. Kahawa hiyo ikikaangwa hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake. Zinabaki kama gramu 800 hadi 850.

Kikombe kimoja kikitumia gramu 10 za kahawa ya kusaga, kilo ile ya kahawa safi itatoa vikombe 80 hadi 85.

Tuchukue mfano. Ikiwa mwenye mgahawa ananunua kilo ya kahawa iliyokaangwa kwa Sh30,000, gramu 10 zinamgharimu Sh300. Ikiwa lita ya maziwa ni Sh2,000 na kikombe kikubwa kinachukua mililita 200, maziwa yanamgharimu Sh400. Kijiko kikubwa cha asali cha mililita 15, kwa bei ya Sh14,000 kwa lita, ni Sh210. Chombo cha karatasi na mfuniko wake tukikadirie Sh200.

Bei hizi ni za mfano na kila mmoja anaweza kuweka za kwake, lakini picha inaonekana. Kahawa tupu imemgharimu Sh300. Ikiongezwa maziwa, asali na chombo, gharama inafika Sh1,110, karibu mara nne. Katika mfano huu maziwa yana thamani kuliko kahawa yenyewe, na hapo hatujahesabu mkaa, maji, pango na mshahara wa mhudumu.

Kwa hiyo kutoza nyongeza si dhambi. Mwenye mgahawa akiamua kuweka bei moja kwa wote, mzee anayekunywa kahawa chungu atakuwa anamlipia kijana anayetaka maziwa na asali. Ni haki zaidi kila mmoja alipie alichotumia.

Chai imeshatufundisha

Migahawa yetu ililimaliza tatizo hili zamani kwenye chai. Chai ya rangi ina bei yake na chai ya maziwa ina bei yake. Hata mama lishe asiye na ubao wa bei huulizwa, hujibu, na mteja huchagua. Ni nadra kusikia ugomvi juu ya bei ya maziwa kwenye chai, kwa sababu tofauti inajulikana kabla ya kikombe kujazwa.

Ndivyo ilivyotokea pia kwa mifuko. Kabla ya Juni 1, 2019, siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, mnunuzi alipewa mfuko bila kuulipia. Mifuko mbadala ilipoingia, wauzaji wengi walianza kuitoza. Wateja walinung'unika, kisha wakazoea. Leo mwenye kutaka mfuko anajua ataulipia na asiyetaka anakuja na kikapu chake.

Mfano mwingine uko kwenye simu. Mchuuzi wa ndizi aliyeko Dar es Salaam anapomtumia fedha mwenzake wa Kwa Sadala, kuna gharama ya kuzitoa kwa wakala. Wasipokubaliana mapema, mmoja atapungukiwa. Ndiyo maana wafanyabiashara wamezoea kuagana kabisa: "tuma na ya kutolea." Maneno hayo machache yameepusha ugomvi mwingi.

Katika mifano yote mitatu gharama ipo na inalipwa. Tofauti na kahawa ile ya mgahawani ni kwamba mlipaji anaijua wakati bado ana nafasi ya kukataa.

Kimya kinamuumiza mfanyabiashara mwaminifu

Baadhi ya wenye migahawa hujitetea kwamba wakiandika bei zote ukutani wateja wataogopa. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani utafiti unaonyesha ina ukweli ndani yake.

Mwaka 2009, wachumi Raj Chetty, Adam Looney na Kory Kroft walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika duka moja kubwa huko California, Marekani. Nchini humo kodi ya mauzo kwa kawaida haiandikwi kwenye bei ya rafuni, bali huongezwa mteja anapofika kulipa. Walipobandika bei zenye kodi ndani yake, mauzo ya bidhaa hizo yalipungua kwa takriban asilimia nane. Kodi ilikuwa ile ile na wateja wengi walijua ipo, ila hawakuwa wakiiweka kwenye hesabu zao isipoandikwa.

Maana yake ni kwamba kuficha kunaweza kuongeza mauzo. Lakini ni nani anayeyapoteza?

Chukua migahawa miwili iliyo jirani. Wa kwanza umeandika "Kahawa Sh1,000" na kunyamaza juu ya nyongeza, ambazo mwishoni zinafikisha Sh2,000. Wa pili umeandika "Kahawa yenye maziwa na asali, ya kufungiwa, Sh1,800." Msafiri anayeshuka kwenye gari ataona Sh1,000 na Sh1,800, kisha ataingia wa kwanza. Atakuwa amelipa Sh200 zaidi kwa kitu kile kile, na mgahawa wenye bei nafuu umekosa mteja.

Mambo yakiendelea hivyo, yule wa pili atajifunza kunyamaza kama jirani yake ili asife njaa. Hapo ushindani unaacha kuwa wa bei nzuri na kahawa nzuri, unakuwa wa nani anaficha zaidi. Anayeumia si mteja peke yake, bali pia mfanyabiashara aliyetaka kusema kweli.

Msafiri na mteja wa kila siku

Kwa Sadala ipo kwenye barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha. Baadhi ya wateja wake ni wapita njia ambao huenda wasirudi tena, na hapo ndipo kishawishi cha kushtukiza kinapokuwa kikubwa. Lakini mgahawa wa sokoni hauishi kwa wapita njia peke yao. Unaishi pia kwa wachuuzi, madereva, wapakiaji na wakulima wanaoshuka na mazao yao wiki baada ya wiki.

Tufanye hesabu tena. Mteja anayekunywa kikombe kimoja kwa siku, siku sita kwa wiki, na kumwachia mwenye mgahawa faida ya Sh400 kwa kikombe, anamwachia Sh2,400 kwa wiki. Kwa wiki 50 ni Sh120,000. Akihama kwa sababu ya Sh500 ya maziwa ambayo hakuambiwa, mwenye mgahawa ameuza Sh120,000 kwa Sh500.

Tena hataondoka kimya. Sokoni habari ya bei husafiri haraka kuliko gari la ndizi.

Mkulima anayajua maumivu haya

Wengi wa wateja hao ni wakulima, na wengine wanaofungua migahawa ni wakulima au watoto wa wakulima wa kahawa. Hawa wanalijua neno "makato" tangu utotoni.

Katika mfumo wa ushirika, ambao mkoani Kilimanjaro ulianza na chama cha wakulima wa kahawa cha KNPA mwaka 1925 na kufuatiwa na KNCU mwaka 1933, mkulima hupeleka kahawa katika chama cha msingi na kupata malipo ya awali. Kahawa ikishakobolewa na kuuzwa, hukatwa gharama za usafiri, ukoboaji, magunia na ushuru wa halmashauri, ndipo yaje malipo ya pili kama kuna kilichobaki.

Makato mengi yana sababu, kwa kuwa lori na kiwanda havifanyi kazi bure. Hata ushuru wa halmashauri, ambao mwaka 2017 kiwango chake cha juu kwa mazao ya biashara kilishushwa kutoka asilimia tano hadi tatu, una kazi yake. Lakini mkulima anayeijua orodha ya makato kabla ya msimu anaweza kupanga ada za watoto na mbolea. Anayeijua baada ya msimu anaweza kulalamika tu.

Ndivyo ilivyo pia kwa lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita. Gunia linaitwa gunia, lakini limeongezewa kichwa ambacho mnunuzi hakilipii. Mkulima anayelalamikia kichwa cha lumbesa na makato ya kushtukiza hawezi, akifungua mgahawa, kumfanyia mteja wake yale yale kwa kijiko cha asali.

Sheria inasemaje

Hapa nchini, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Uingereza imekwenda mbali zaidi. Tangu Aprili 6, 2025, mfanyabiashara nchini humo anapotangaza bei anatakiwa kuingiza ndani yake gharama zote ambazo mteja hawezi kuzikwepa.

Tofauti hiyo kati ya gharama ya lazima na ya hiari ni muhimu, na mwenye mgahawa anaweza kuitumia bila kusubiri mkaguzi. Kama mgahawa unatoza kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18, mteja hana hiari nayo. Kahawa ya kitalii mjini Moshi iliyoandikwa Sh5,000 kisha ikadaiwa Sh5,900 haikuwa ya Sh5,000 tangu mwanzo, na bei ya kuandika ni Sh5,900. Maziwa, asali na chombo ni vya hiari, hivyo vinaweza kuwa na mstari wao katika orodha, mradi mstari uwepo.

Wapo pia wanaoona ni afadhali kufuta baadhi ya nyongeza. Novemba 2024, kampuni ya Starbucks iliacha kutoza nyongeza ya maziwa yasiyo ya ng'ombe katika maduka inayoyaendesha yenyewe Marekani na Kanada. Mgahawa mdogo hauna ubavu huo, lakini unaweza kuamua kwamba tangawizi ya Sh50 haifai kumchosha mteja, ukaiingiza kwenye bei ya kikombe.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza ni ubao na chaki. Andika "kahawa tupu", "kahawa ya maziwa" na "kahawa ya maziwa na asali" kama bidhaa tatu zenye bei tatu, kama ilivyo kwa chai. Chini yake andika bei ya chombo cha kufungia.

Pili, mfundishe mhudumu kuuliza swali kamili. Badala ya "nikuongezee maziwa?", aseme "nikuongezee maziwa, ni Sh500?" Mteja asiyejua kusoma au aliyekaa mbali na ubao atakuwa amelindwa pia.

Tatu, weka hesabu. Andika kila siku umeuza vikombe vingapi vya kila aina kwa mwezi mmoja kabla ya ubao na mwezi mmoja baada yake. Inawezekana maziwa yakapungua kidogo mwanzoni. Angalia pia ni wateja wangapi wanaorudi.

Mteja naye ana wajibu. Anayeuliza bei ya mkungu wa ndizi bila aibu asione haya kuuliza bei ya maziwa.

Jambo hili linagusa hata shamba. Sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje, na bei yake hufuata masoko ya mbali ambayo mkulima wa Hai hana sauti nayo. Soko lililo karibu naye ni la Mtanzania anayeamua asubuhi kama atakunywa chai au kahawa. Mtu huyo akiondoka mgahawani akihisi ameibiwa Sh500, kesho yake ataagiza chai ya rangi, ambayo bei yake anaijua.