Kushua Chombo: Msamiati wa Kazi ya Mikono Mingi

Jahazi la mbao halidumu kwa ustadi wa fundi wake pekee. Katika upwa wa Afrika Mashariki, chombo hupwelezwa wakati wa bamvua, kikategemezwa kwa magadi. Mwani hukwanguliwa, mishono ya mbao hukalafatiwa kwa pamba, sehemu ya chini hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta, na ubavuni hupakwa sifa, mafuta ya papa. Baada ya hapo chombo hushuliwa. Kazi hii ya mwisho haiwezekani kwa mabaharia wachache; majirani na wavuvi huja kushika kamba bila ujira, na aghalabu hulishwa na mwenye chombo.

Msamiati wa kazi hiyo unastahili kuangaliwa kwa makini. Vitenzi vinavyotaja nguvu za pamoja, kama vile kushua, kuvuta na kupweleza, ni vya Kibantu. Kupweleza kumetokana na -pwa, mzizi uliozaa pia neno pwani. Kwa upande mwingine, kalafati, deheni na sifa ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na nahodha ni la Kiajemi. Mpaka huu si kamili, kwani tanga ni la Kibantu ilhali usukani ni la Kiarabu. Hata hivyo, unadokeza ni nani walioishi ufukweni na ni nani waliofikia hapo.

Wageni hao waliletwa na kaskazi, na iliwabidi wangoje kusi ndipo warejee kwao. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri katika msimu wa 1938–39 kwa chombo cha Kuwait kutoka Aden hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, kulikopakiwa boriti za mikoko. Miezi ya kungoja ilikuwa miezi ya kukarabati, kula na kuzungumza na wenyeji. Istilahi hazisafiri peke yake.

Wito wa kuvuta kwa pamoja, harambee, ulifanywa kaulimbiu ya taifa la Kenya mwaka 1963. Leo wengi huuhusisha na michango ya fedha; kamba imetoweka katika maana yake.

Kamusi huhifadhi nomino vizuri kuliko vitenzi. Foromali au mkuku waweza kuchorwa. Kushua hakuchoreki, na hakuna anayeshua mashua ndogo ya plastiki yenye mashine kwa watu arubaini. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za mnazi, uliacha kuundwa katika karne ya ishirini. Mfano wake uliundwa Zanzibar mwaka 2003 kwa ajili ya makumbusho ya Beit-el-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mafundi waliushona upya na majina ya sehemu zake yakatajwa tena. Lakini chombo kilichowekwa ndani ya jumba hakipwelezwi, hakikalafatiwi, wala hakishuliwi.