Fahamu: Dawa yenye mionzi inavyoisaka saratani mwilini

Tiba ya mionzi wengi wanaijua kwa mashine kubwa inayomlenga mgonjwa kutoka nje. Ipo njia nyingine: mionzi inabebeshwa dawa, mgonjwa anachomwa sindano, na dawa yenyewe inautafuta uvimbe ulipojificha.

Chukua saratani ya tezi dume. Seli zake aghalabu huwa na protini iitwayo PSMA kwa wingi juu ya utando wake. Wanasayansi wameunda molekuli inayoing'ang'ania protini hiyo kama kupe kwa ng'ombe, kisha wakaifungia lutetiamu-177, elementi yenye mionzi. Mionzi yake haifiki mbali, milimita 2 hivi, kwa hiyo huumiza zaidi seli za jirani.

Dawa hiyo, Pluvicto, iliidhinishwa Marekani Machi 2022. Katika utafiti wa wagonjwa 831 ambao saratani ilikwisha kusambaa, nusu ya walioipata waliishi zaidi ya miezi 15.3; kwa wenzao wa matibabu ya kawaida pekee, ni miezi 11.3. Si muujiza, lakini miezi minne si haba. Kwa kuwa tezi za mate nazo huinasa dawa, wengi hukaukwa na kinywa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Iodini yenye mionzi imetumika kutibu saratani ya tezi ya thairoidi tangu miaka ya 1940, maana tezi hiyo hufyonza iodini kwa tabia yake.

Kikwazo cha Pluvicto ni muda: nguvu ya lutetiamu hupungua nusu kila baada ya siku 6.6 hivi. Dawa hii haikai ghalani kusubiri mgonjwa.